Gari la Kikundi Lilipokwama Kitonga

Ndugu msomaji, kama kikundi chako kina gari, makala hii ni yako. Kama hakina, bila shaka siku moja moja unapanda gari la mwenzako kupeleka mazao sokoni. Basi nawe soma. Nataka kukueleza habari za vyuma viwili vidogo. Kimoja kimo ndani ya gurudumu, kinaitwa beringi. Kingine kimo kwenye injini, kinaitwa themostati. Vyote viwili vinaenea katika viganja vya mtu mmoja. Lakini vinaweza kuangusha gari zima.

Mimi si fundi wa magari. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni vitunguu, nyanya na mahindi. Lakini kikundi ninachokishauri kina pikapu ya zamani, na siku ilipokwama nilikuwamo ndani yake.

Tulitoka Ruaha Mbuyuni saa mbili asubuhi kwenda Iringa mjini. Anayepajua Mbuyuni anajua joto lake. Tulipakia magunia manane ya vitunguu. Mbele tulikaa dereva, mzee mwenyekiti na mimi. Nyuma, juu ya magunia, walikaa akina mama watatu na utingo. Kupandisha watu juu ya mzigo ni kosa. Nilijua, na nilinyamaza.

Gari lilikuwa na mvumo. Ulikuwa umeanza wiki moja kabla. Gari likienda polepole, mvumo ni mdogo. Likikimbia, mvumo unapanda kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nilimwuliza dereva.

"Ni tairi tu, bwana shamba," alijibu. "Tairi hizi zina meno makubwa."

Nilikubali. Lakini niligundua jambo moja. Tulipokata kona kwenda kulia, mvumo uliongezeka. Tulipokata kona kwenda kushoto, ulipungua. Ndugu msomaji, likumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Kisha tukaanza kupanda mlima Kitonga. Barabara pale inapinda huku na huku. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde. Malori yanapanda kwa gia ndogo, moja nyuma ya lingine. Nasi tulikuwa nyuma ya lori. Kabla hatujafika nusu ya mlima, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukatoka mbele. Dereva aliona mahali pana pembeni, akaegesha, akazima injini. Akina mama wakashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sitalisahau. Utingo ni kijana mwepesi wa kazi. Aliruka chini, akafunua boneti, akashika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akauzungusha. Dereva alipiga kelele, "Acha!" Lakini alikuwa amekwisha chelewa. Maji yaliruka juu kama bomba lililopasuka. Yalimmwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidole.

Sikiliza kwa nini. Sufuria iliyo wazi inachemka maji yakifika digrii 100, na huku milimani hata chini ya hapo. Rejeta iliyofungwa si sufuria iliyo wazi. Mfuniko wake unabana maji kwa nguvu, na kwa hiyo maji yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, nguvu ile inaondoka mara moja. Maji yote yanageuka kuchemka kwa pamoja na kutafuta njia ya kutokea. Njia ni pale mkono wako ulipo. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Hata nusu saa, subiri. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto mkali, maana chuma chake kinaweza kupasuka.

Tulikuwa na dumu la maji safi. Mama mmoja aliagiza kama askari. "Mwanangu, leta mkono hapa." Akamwagia maji polepole, kwa muda wa dakika 20 kwa saa ya mwenyekiti. Mtu mmoja aliyesimamisha pikipiki alisema tupake dawa ya mswaki. Mama alikataa, na alikuwa na haki. Kidonda cha moto kinatakiwa maji safi ya baridi, kisha kitambaa safi, kisha zahanati. Dawa ya mswaki, unga na mafuta haviponyi. Kijana alipelekwa zahanati kwa basi la kwanza lililosimama. Mkono umepona, lakini ngozi yake mpaka leo ina rangi mbili.

Tulipokuwa tukisubiri injini ipoe, nilizunguka gari. Nilisogeza nyuma ya mkono wangu karibu na kitovu cha gurudumu la mbele la kulia. Kilikuwa na joto la kawaida. Nilipofika la kushoto, nilirudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto kama kikaango. Tulikuwa tunapanda mlima, na breki tulikuwa hatujaigusa kwa muda mrefu. Kwa hiyo joto lile halikutoka kwenye breki. Dereva aliponiona, aliinama, akagusa, akanyamaza. Habari ya meno ya tairi ilikwisha hapo.

Fundi alikuja kwa pikipiki kutoka Ilula. Aliinua gurudumu la kushoto kwa jeki, mahali penye usawa. Alishika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, akalitikisa. Lilicheza kama jino bovu. Kisha alitazama injini. Bomba la mpira la juu lilikuwa la moto sana. La chini lilikuwa baridi. Maji ya moto yalikuwa yamefungiwa ndani ya injini, hayaendi kwenye rejeta kupozwa. Akafungua nati mbili, akatoa themostati, akaiweka kiganjani mwa dereva.

"Toeni hii tu," alisema. "Nchi yetu ni ya joto. Hii waliiweka Wazungu kwa ajili ya baridi ya kwao."

Alikaza pia nati ya gurudumu kidogo, ili tuweze kufika mjini polepole bila mzigo. Vitunguu tulivihamishia kwenye gari la kukodi, na akina mama walipanda basi.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo palipozuka mabishano. Tulipofika Iringa, mshale wa joto ulikuwa chini kabisa. Gurudumu nalo lilikuwa limetulia kidogo. Mwenyekiti alifurahi.

"Gari limepona," alisema. "Twende zetu. Fedha za kikundi ni za mbolea."

Mwenyekiti ni mtu mwangalifu na fedha za watu. Simlaumu. Lakini nilimwambia, "Shikamoo mzee, lakini hapana. Kitu kilichotolewa si kitu kilichotengenezwa. Mlango wa nyumba yako ukikwama, unaung'oa ukalala wazi?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali kwa sharti moja. Twende gereji sisi wenyewe, tusimame pale, tuone kila kinachofunguliwa, na kila chuma kibovu turudi nacho. Sharti hilo lilikuwa zuri kuliko hoja yangu yote.

Beringi

Beringi ni nini? Umewahi kuona watu wakisogeza kinu kizito au mtumbwi juu ya magogo ya mviringo. Magogo yanabiringika, na mzigo unakwenda bila kukwaruza ardhi. Beringi ni hivyo hivyo. Ni pete mbili za chuma, na katikati yake vimepangwa vyuma vidogo vya mviringo, kama vipande vya chaki. Pete ya nje inakaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Pete ya ndani inakaa kwenye ekseli. Vile vipande vinabiringika katikati. Kinachovilainisha ni grisi. Pikapu yetu ina beringi mbili katika kila gurudumu la mbele, kubwa ndani na ndogo nje. Nyuma yake kuna sili ya mpira inayozuia maji na vumbi. Magari mengi ya siku hizi ni tofauti. Beringi yake imefungwa pamoja kama kitu kimoja, haifunguliwi wala haitiwi grisi. Ikifa, unabadilisha yote.

Fundi wa gereji aliinua gari, akaliweka juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Jeki ikiteleza, aliye chini hana wa kumsemesha. Akatoa gurudumu, akatoa breki na kuifunga kwa waya isining'inie kwa mpira wake. Akatoa kifuniko kidogo, pini, nati, kisha habu yote. Tulisogea kutazama.

Grisi iliyotakiwa kuwa laini ilikuwa kama tope la mferejini. Beringi ya ndani ilikuwa na rangi ya bluu, rangi ya chuma kilichoungua. Vipande vyake vilikuwa na vishimo vishimo, kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Sili ilikuwa imechanika.

"Mlipita kwenye maji mengi?" fundi aliuliza.

Dereva alikumbuka. Wakati wa masika alivuka korongo, maji yakafika katikati ya magurudumu. Fundi akatueleza jambo ambalo sikulijua. Gari likitembea, habu inapata joto, na hewa iliyo ndani yake inatanuka. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ile inasinyaa na kuvuta maji ndani kupitia sili iliyochoka. Maji yanaharibu grisi, kutu inaanza, na baada ya muda unasikia mvumo. Kwa hiyo ukivuka maji mengi na gari la namna hii, usingoje mvumo. Fungua, safisha, tia grisi mpya.

Na ile habari ya kona? Gari likikata kulia, uzito unalala upande wa kushoto. Beringi mbovu ya kushoto ikibeba uzito zaidi, inalia zaidi. Gurudumu lenyewe lilikuwa likituambia tangu wiki ile.

Mwenyekiti aliuliza kama tunaweza kununua beringi moja tu, ile ya ndani. Fundi alikataa. Pia alikataa kuacha pete za zamani ndani ya habu. Beringi na pete yake ni mke na mume. Ukiweka vipande vipya juu ya pete yenye vishimo, umenunua beringi ya miezi michache. Tulinunua mbili pamoja na sili, na tuliomba risiti.

Usafi ndio ulionifurahisha. Kijana mmoja alitandika gunia jipya chini. Habu ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikafutwa mpaka ikakauka. Pete mpya ziligongwa taratibu, huku na huku, ziingie sawa bila kukaa upande. Kisha fundi akanawa mikono, akaweka donge la grisi kwenye kiganja cha kushoto. Akashika beringi kwa mkono wa kulia, akawa anaikandamiza ukingo kwenye grisi, mara nyingi, kama mtu anayechota ugali kwa kuubana. Hakuacha mpaka grisi ikatokeza upande wa pili, katikati ya kila kipande. Kupaka juu juu hakusaidii kitu. Wala usichanganye grisi mpya na ya zamani.

Kazi ya mwisho ni kukaza nati, na hapa wengi hukosea. Wanadhani kukaza sana ndiyo usalama. Ukikaza mno, beringi inabanwa na kuungua. Ukilegeza mno, gurudumu linacheza. Fundi alikaza huku akizungusha habu kwa mkono ili vipande vikae mahali pake. Kisha akalegeza. Kisha akakaza tena kidogo tu, akafuata kipimo cha kitabu cha gari lile. Akatia pini mpya na kuikunja. Pini ya zamani aliitupa. Pini ile ni ndogo kama kijiti cha kibiriti, lakini ndiyo inayozuia nati isifunguke ukiwa njiani.

Themostati na sufuria ya mama lishe

Ilipofika zamu ya themostati, fundi wetu hodari alitushangaza. Naye alisema yale yale ya fundi wa barabarani. "Themostati ya nini, bwana shamba? Acheni hivyo hivyo, gari halitachemsha."

Nilimwomba anipe dakika chache. Mimi namwagilia mashamba, na themostati naielewa kwa njia ya mfereji. Pale maji yanapotoka mfereji mkuu kuingia shambani kuna mlango. Hufungui mlango saa zote. Unafungua shamba likihitaji, unafunga likitosheka. Themostati ni mlango kama huo, ila unajifungua wenyewe. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu na mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini tu, ili ipate joto upesi. Yakifika digrii kama 82, nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa.

Ya kwetu ilikuwa imekwama ikiwa imefungwa. Ndiyo sababu tulichemsha. Lakini ukiiondoa kabisa, mlango uko wazi saa zote. Injini haifikii joto lake. Fikiria Iringa mwezi wa Juni au Julai, saa kumi na mbili asubuhi, watu wamevaa makoti. Injini ya baridi haichomi mafuta vizuri. Inatumia mafuta mengi zaidi. Unyevu unabaki kwenye oili na kuigeuza tope. Vyuma vinalika mapema. Na katika baadhi ya injini kuna jambo baya zaidi. Themostati ikitolewa, maji yanapata njia ya mkato, yanazunguka bila kupita vizuri kwenye rejeta, na gari linachemsha pale pale ulipodhani umelitibu.

Fundi alisikiliza, lakini hakuridhika. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza ubishi. "Maneno ni mengi," alisema. "Tujaribu."

Karibu na gereji kuna mama lishe. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu. Alicheka sana. Alikataa kutoa sufuria ya chakula, na alifanya vizuri. Alitupa kopo kubwa la zamani na nafasi kwenye jiko la mkaa. Tulinunua themostati mpya dukani. Bei yake haikufika bei ya gunia moja la vitunguu, na ukingoni palichapwa namba 82. Tulifunga kila moja kwa uzi. Uzi tuliupitisha kwenye ulimi wa mlango, mlango ukaubana. Tukazitumbukiza zote mbili zining'inie bila kugusa chini ya kopo.

Watu walikusanyika, hata wateja wa chai. Maji yalianza kutoa mvuke. Yalikuwa hayajachemka. Ghafla ile mpya ikauachia uzi, ikazama chini. Mlango ulikuwa umefunguka. Maji yakachemka kabisa, yakatokota. Ile ya zamani iliendelea kuning'inia kwenye uzi wake, imefunga mdomo.

Fundi aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Leteni mpya niifunge."

Aliifunga na gasketi mpya, kile kitundu kidogo chenye kipini kikiwa juu ili hewa ipate pa kutokea. Akajaza maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima chetu cha Mbuyuni aliyakataa alipoonja chumvi yake. Aliwasha injini mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi. Mapovu yalitoka, akaongeza maji, akafunga. Baada ya muda aliniita nishike bomba la juu. Lilikuwa vuguvugu. Mara likawa la moto chini ya vidole vyangu. Mlango ulikuwa umejifungua.

Lakini usikimbilie kulaumu themostati kila gari linapochemsha. Tazama kwanza kama maji yapo. Tazama mkanda wa feni. Tazama uso wa rejeta. Wa kwetu ulikuwa umejaa maganda ya vitunguu na nyasi, nasi tulikuwa tunapita mbele yake kila siku. Kijana wa gereji aliusafisha kwa maji ya mpira, kutoka upande wa ndani kwenda nje.

Vyuma vibovu tulirudi navyo kwenye mfuko. Kwenye mkutano wa kikundi mwenyekiti alivimwaga mezani, akaweka risiti kando yake. Mjumbe mmoja aliyekuwa anataka kupinga gharama aliishika ile beringi ya bluu, akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza. Akaiweka chini bila kusema neno. Tuliamua pia kwamba watu hawatapanda tena juu ya magunia.

Baada ya siku chache za kazi dereva aliinua tena gurudumu na kulitikisa juu na chini. Halikucheza. Safari ya kwanza ya kupanda Kitonga, mshale wa joto ulikaa katikati mpaka kileleni. Tulisimama mahali penye nafasi. Dereva alishuka, akapitisha nyuma ya mkono wake kwenye magurudumu yote manne, moja baada ya lingine. Utingo alikaa mbali na boneti, mikono mfukoni.